Ufunguo wa Gari la Kanisa

Jumatatu, 2 Machi 1964
Nimefungua kabureta tena. Safi. Plagi safi. Pampu inasukuma petroli vizuri. Hata hivyo jana gari lilizimika njiani, Mwamba wa Tororo ukiwa tayari unaonekana. Nilikuwa nimembeba mzee mgonjwa kutoka Lunyo. Akakaa majanini akikohoa huku mimi nikipuliza mirija. Baada ya muda likawaka lenyewe, kana kwamba halikuwa na neno.
Vumbi halikuingia tangini. Hilo nina hakika nalo. Mwezi uliopita nilikata mpira wa tyubu, nikautandika ndani ya mfuniko wa tangi, ukabana kabisa. Kazi nzuri.

Jumatano, 4 Machi
Pasta amempa Wandera gari kwa siku moja, ati nipumzike. Sikuomba kupumzika. Wandera alikuwa utingo wa malori. Amekwenda Tororo na kurudi Busia bila gari kuzimika hata mara moja.
Jioni alijisifu mbele ya duka, watu wakimsikiliza. “Gari nataka mkono laini, Mwalimu. Wewe nakaripia yeye kama mtoto wa shule.” Wakacheka. Nekesa, mke wangu, alificha kicheko kwa upindo wa leso. Nilikiona.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeendesha mimi. Limezimika mara mbili. Mama mmoja mjamzito aliniuliza kwa heshima zote kama kesho atakuwapo yule kijana.
Nina wivu. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Namwonea wivu kijana asiyejua kupatanisha kitenzi na jina lake.

Jumapili, 8 Machi
Baada ya ibada wazee wa kanisa wamesema kwamba Jumapili ijayo wataamua nani akae na ufunguo; mpaka hapo tuendeshe kwa zamu. Walisema wakitazama chini.
Tangu nilipostaafu ualimu, ufunguo huo ndio unaofanya watu wabishe hodi kwangu. Bila huo mimi ni mzee mwenye mihogo.
Nekesa alinipakulia samaki, akasema, “Baba Ouma, mwachie mtoto wa watu. Magoti yako yatashukuru.” Sikumaliza chakula.

Jumanne, 10 Machi
Nimesafiri na Wandera kama abiria. Kiti cha nyuma, pamoja na magunia ya mtama. Niliomba mwenyewe, nipate kuona anafanya nini.
Hafanyi lolote la maana. Anaimba. Anabadili gia vibaya. Lakini geji ya petroli ilikufa zamani, naye kila tunaposimama huchukua fimbo yake, hufungua tangi na kupima. Hiyo ni tabia ya malori. Mimi sipimi, najua gari linakunywa kiasi gani.
Kila alipolegeza mfuniko nilisikia tangi likivuta hewa, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi.
Nikaelewa papo hapo. Petroli hutoka, hewa haina pa kuingilia. Mpira wangu umeziba kitundu cha mfuniko. Safari ikiwa ndefu, pampu hushindwa kuvuta, injini huzima. Wandera hulipatia gari pumzi bila kujua. Anadhani linampenda.
Alinigeukia: “Umeona, Mwalimu? Yeye najua mimi.”

Jumatano, 11 Machi
Mpira bado uko pale pale. Kuutoa ni kazi ya dakika moja. Sijautoa.

Alhamisi, 12 Machi
Asubuhi nilimwita Wandera kando. Nilimwambia kwamba fimbo yake inaingiza uchafu tangini, asifungue tena, petroli ya kutosha nitatia mimi. Sauti niliyotumia ni ile ya darasani.
Alivua kofia. “Sawa, Mwalimu. Mimi nasikia wewe.”
Hakuuliza swali hata moja. Hapa kwetu kijana habishani na mzee juu ya kazi ya mzee. Nilijua hatauliza.

Ijumaa, 13 Machi
Amempeleka Pasta Tororo pamoja na wazee wawili. Nilikaa barazani nikasikiliza barabara mchana kutwa.
Wamerudi jioni, wameloa, matope hadi magotini. Lilizimika mara tatu. Mara ya mwisho walilisukuma mvuani, Pasta akiwa na kanzu yake. Pasta mwenyewe alinisimulia. Alimwambia Wandera afungue tangi aangalie kama petroli ipo. Wandera alikataa, alisema ipo, hakuna haja ya kufungua.
Nilingoja Pasta aniambie sababu aliyopewa. Hakupewa. Wandera hakunitaja.

Jumamosi, 14 Machi
Nimeutoa mpira. Nimesafisha kitundu kwa sindano. Nimeendesha hadi Tororo peke yangu na kurudi. Injini haikukohoa.

Jumapili, 15 Machi
Nimepewa ufunguo. Pasta alisema mbele ya waumini kwamba uzoefu haununuliwi. Nekesa alinitazama kwa fahari, na mimi nikatazama kitabu cha nyimbo.
Wandera alikuwa benchi la nyuma. Alipiga makofi pamoja na wengine.

Jumatano, 18 Machi
Mvua asubuhi. Nimempeleka mama yule mjamzito Tororo, akafika salama. Gari halina kasoro.
Niliporudi nilimkuta Wandera uani, amekaa na Nekesa wakimenya njugu. Alisimama. Jumatatu ataanza kubeba mizigo kwa baiskeli, kuvuka mpaka. Alikuja kuleta fimbo yake. Ameipiga msasa, ameichonga alama za galoni vizuri.
“Geji imekufa, Mwalimu. Siku moja itakusaidia. Mimi nilikuwa naharibu tangi, nisamehe.”
Nilisema asante. Nekesa akamfungia njugu karatasini.
Fimbo nimeisimamisha nyuma ya mlango, chini ya msumari wa ufunguo.