Skrini Iliyobadilishwa Wakati wa Usingizi wa Mchana

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Zhubei, Hsinchu, Taiwani
Tarehe 12 Machi 2025, saa nane mchana

Jina: Tu Pei-shan
Umri: miaka 24
Kazi: karani wa kupokea sampuli, maabara ya kupima skrini
Makazi: Zhubei, chumba cha kupanga

Sajini Peng ameniambia nieleze niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nisikisie. Nitajitahidi.

Maabara yetu hupima skrini ambazo hubadilisha kasi ya picha zake zifuatane na mchezo wa kompyuta au filamu. Kasi inapopungua, skrini mbovu hupepesa na kuumiza macho. Ikipepesa kupita kiwango, inanyimwa cheti. Kanuni yetu ni kwamba skrini inayopimwa iwe sawa na zile zitakazouzwa madukani.

Mnamo tarehe 11 Machi, Jumanne, saa tatu asubuhi, nilipokea skrini mbili kutoka kwa Bwana Yen Kuo-wei, fundi wa kampuni ya mteja. Moja ilikuwa ya kupimwa. Ya pili alisema ni ya akiba, ikabaki katika sanduku lake. Mhandisi Fan Jui-lan, ambaye sisi vijana humwita Dada Fan, aliipima ile ya kwanza. Ilishindwa. Bwana Yen alisimama nyuma yake akifuta miwani.

Saa sita na nusu tulizima taa, tukalaza vichwa juu ya meza zetu tukalala, kama kila siku baada ya chakula cha mchana. Saa saba na nusu taa ziliwashwa. Mara Meneja Hsiao wa maabara yetu akaagiza skrini ipimwe upya mbele ya mkurugenzi wa kampuni ya mteja. Safari hii haikupepesa hata kidogo. Mkurugenzi akamwambia Dada Fan, "Asubuhi mbovu, mchana nzima. Ulikuwa unangoja bahasha, mama?" Meneja alimsimamisha Dada Fan kazi palepale, na mkurugenzi akaleta hapa kituoni malalamiko ya rushwa dhidi yake.

Leo saa nne asubuhi Sajini Peng alikuja maabara, akatukusanya katika chumba cha vipimo, pamoja na Dada Fan, Bwana Yen na mkurugenzi wake. Hapo ndipo nilipoona kitu. Juu ya mashine ya kupimia huwa tunaweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi ili mashine isisumbue. Kila maabara hapa hufanya hivyo. Lazima iwe ya kijani, hailiwi, na isipitwe na tarehe. Jana asubuhi nilimtania Dada Fan kwamba yake imekwisha muda, akasema, "Usiniroge, mdogo wangu, nitanunua nikitoka." Hakupata nafasi ya kununua. Lakini pakiti iliyokuwapo leo ilikuwa mpya.

Niliuliza nani ameibadilisha. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie.

Mkurugenzi akacheka. "Tumeitwa na polisi kuja kujadili vitafunio?"

Bwana Yen akasema, "Ile nyingine ilikuwa imepita tangu Jumapili! Ningeiachaje juu ya mashine?"

Dada Fan akamuuliza taratibu, "Bwana Yen, uliingia humu lini bila sisi?"

Bwana Yen akakaa kitini. Dada Fan akaomba sanduku la akiba lifunguliwe. Skrini iliyokuwa ndani iliwashwa, nayo ilipepesa. Bwana Yen akakiri kwamba ile nzuri ilitengenezwa kwa vipuri bora vilivyochaguliwa, si kama zitakazouzwa, na kwamba alizibadilisha skrini na kuhamisha lebo tulipokuwa tumelala. Alisema, "Niliwaomba wakubwa wangu wiki tatu tu nirekebishe programu yake. Hawakunipa."

Dada Fan akamwambia, "Irekebishe. Ikiwa tayari ilete, nitaipima kama ya mtu yeyote."

Lakini mlango wa chumba kile hufunguka kwa kadi ya mfanyakazi. Bwana Yen alikataa kusema nani alimfungulia. Meneja akasema basi ni Fan, kwa kuwa chumba ni chake, na kwamba hatarudi kazini. Kisha akanivuta ukumbini akaniambia, "Pei-shan, mkataba wako unaisha Juni. Umeshasema ya kutosha."

Ninalotaka kuongeza ni hili, na sikulisema maabara kwa sababu niliogopa. Jana mchana sikuwa nimelala. Nilikuwa nimelaza kichwa juu ya meza, karibu na mlango ule. Dada Fan alikuwa meza ya pili kutoka kwangu, akikoroma. Nilisikia kadi ikilia mlangoni, kisha sauti ya Meneja Hsiao ikisema, "Ingia, Yen, fanya haraka." Naijua sauti yake vizuri. Ndiyo iliyonipa kazi hii.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimeyasoma, ni yangu.

Saini: Tu Pei-shan

Maelezo ya afisa: Shahidi alipofika kwenye aya kuhusu sauti ya Meneja aliomba maji. Nilimwambia anaweza kuiacha hadi atakapopata ushauri. Aliuliza kama bila aya hiyo Mhandisi Fan angesafishwa leo. Nilijibu hapana. Akasema, "Basi andika." Nimeagiza kumbukumbu za kadi za mlango ziletwe. Zimethibitisha kwamba mlango ulifunguliwa kwa kadi ya Meneja Hsiao wakati huo. Mhandisi Fan, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi nje, ameambiwa hana tuhuma. Swali lake la kwanza kwa shahidi lilikuwa kama amekula. Alikuwa hajala. Wameondoka pamoja.

Sajini Peng, saa kumi na moja jioni