Mtama Mwekundu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Machi

Shambani tangu alfajiri, mstari kwa mstari, kung'oa wageni. Mgeni ni mche wowote usiofanana na wenzake: umezidi urefu, au jani lake lina rangi nyingine. Kwenye shamba la mbegu mgeni haachwi hata kama amependeza. Nimeng'oa wachache tu. Mgongo umekufa ganzi.

Mtama wetu mweupe unakwenda vizuri na hilo ndilo linalonitia hofu. Upandaji wa kwanza uliuawa wote na jua la mwezi wa kwanza. Nikapanda upya kwa mbegu iliyobaki, yote, hakuna nyingine. Wanawake wenzangu wa kikundi cha mbegu walinikabidhi mimi kwa sababu shamba langu liko peke yake, mbali na mitama ya watu. Ukiacha ule wa mama mkwe, nyuma ya jiko lake, ambao niliwaambia hauna shida. Mtafiti aliyeizalisha aina hii alituambia waziwazi: shamba likipita ukaguzi ni mbegu, lisipopita ni unga wa ugali. Na mwaka ujao watapewa wengine.

Nakula bila kusikia ladha.

Jumatano, 12 Machi

Mume wangu Yona kapiga simu kutoka Rungwa. Yuko huko kwenye mizinga yake tangu mwezi uliopita, na mtandao anaufuata kilimani. Nyuki wazuri. Shamba je? Zuri. Mama je? Mzima. Simu ikakata. Ndoa ya mlimani.

Viwavijeshi wameonekana kwa jirani. Kwangu bado. Nimekagua majani mpaka shingo imekakamaa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepita nyuma ya jiko la mama kuchukua jembe. Mtama wake umebeba mimba.

Nimesimama pale kama mtu aliyesahau alichokijia. Matumbo ya masuke yamejaa, moja limeanza kuchungulia. Ulipaswa uwe umemaliza! Mama alipanda kwenye mavumbi, kabla ya mvua, kama wanavyopanda wazee wote huku. Nilipopanda upya mweupe nilipiga hesabu kwa vidole: mwekundu wake utatoa maua kwanza, vumbi lake la maua litakwisha kupeperuka, ndipo wangu uanze. Hesabu nzuri. Nilijisifu.

Nilisahau kwamba mtama wa zamani jua likizidi hulala. Unasimama tu, haufi, haukui. Mvua ikirudi unaamka na kuendelea pale ulipoachia. Mtoto yeyote wa Singida anajua hilo. Mimi, mwenye cheti cha mafunzo ukutani, nikasahau.

Sasa yote miwili itatoa maua pamoja. Na upepo wetu huu hauombi ruhusa kwa mtu. Vumbi la mwekundu litaingia kwenye mweupe, na mbegu ya kikundi kizima itakuwa chotara.

Nimerudi nyumbani bila jembe.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nimekaa benchi moja na mama. Mchungaji kahubiri sijui nini. Mimi nilikuwa natunga sentensi. Mama, naomba ukate mtama wako. Mama, kuna jambo dogo. Mama, unaonaje kama. Zote mbaya.

Mkwe hamwambii mama mkwe kitu kama hicho. Tangu niolewe sijawahi kumwambia hata chumvi imezidi. Na si mtama wa kawaida. Alikuja nao akiwa bibi harusi kutoka kwao Mkalama, umefungwa kwenye pindo la kanga, mbegu ya mama yake. Kila mwaka huchagua masuke mazuri akayaning'iniza juu ya jiko, moshi uyalinde. Mwaka jana ndege kwelea kwelea walimaliza karibu wote, akaambulia kidogo, na hicho kidogo chote kiko ardhini. Juu ya jiko sasa hivi hakuna suke hata moja. Niliangalia jana nilipompelekea kuni. Niliangalia makusudi, na nikajichukia.

Jumanne, 18 Machi

Bwana shamba kaja na pikipiki. Nilikuwa nimejiandaa kumficha, nikamwambia yote kabla hajavua kofia.

Kauona mtama wa mama, kakuna kidevu. Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Akikuta mwekundu umechanua umbali ule, shamba zima linafeli, hana huruma huyo. Nikauliza ile mifuko ya karatasi ambayo watafiti huvalisha masuke. Kasema hiyo ni ya masuke machache ya majaribio. Kipande chote kile nani atavalisha, na upepo huu nani ataamini? Ukatwe, basi, kabla haujachanua.

Nikamwomba amwambie mama yeye. Ni mtu wa serikali, ana kofia. Kacheka, kasema mama yule alishawahi kumfukuza kwa mwiko wa ugali kwa sababu ya habari za mbolea. Kawasha pikipiki, kaondoka. Mwanaume mzima.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemtuma wifi Neema. Ndiyo njia ya heshima: jambo zito la mkwe hupitia kwa binti. Neema kakubali, kaingia jikoni kwa mama, wakakaa, wakacheka, katoka na bakuli la mlenda. Hakusema. Eti mama alikuwa na furaha, akamwonea huruma. Anasema akirudi kutoka kwake Itigi atasema. Atarudi baada ya Pasaka!

Yona hapatikani. Nimepiga mpaka chaji ikaisha.

Wenzangu wa kikundi wamenitumia ujumbe: shamba letu linaendeleaje? Nikajibu: linaendelea. Nina hasira na kila mtu. Na Neema, na bwana shamba, na Yona na nyuki wake, na upepo. Na mama, kwa kuwa hana kosa lolote.

Ijumaa, 21 Machi

Mweupe umeanza kutoa masuke. Mazuri mno, yameshikana, marefu kuliko kiganja. Ningefurahi. Sikufurahi.

Jumamosi, 22 Machi

Leo siku ya mnada. Mama kaondoka asubuhi na kuku wawili. Nimechukua kisu.

Naandika haya kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nimeingia kwenye mtama wake kama mwizi, mchana kweupe, na mbwa wake ananitikisia mkia. Mpango ulikuwa nikate yote, kisha niseme mbuzi wameingia. Mbuzi wa nani, sikuwaza. Nikashika bua la kwanza, nikakata suke. Lilikuwa bado kwenye ganda lake, laini. Mkono ukakataa la pili. Nilisimama, nikaanza kulia kama mjinga.

Suke nimelitupa chooni. Nimeosha kisu mara nyingi kuliko inavyohitajika kuosha kisu.

Mama karudi na sukari, kanigawia nusu.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Nimesingizia kichwa. Mama kaniletea uji wa mtama mwekundu, wa mwisho wa gunia la mwaka jana. Kasimama mlangoni wakati nakunywa. Uji ulikuwa mzuri na nilitaka kuutapika.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeamka kwa sauti ya mundu.

Nimetoka nje, nimemkuta mama kainama kwenye mtama wake. Alikuwa ameshafika katikati. Anashika bua, anakata chini, analaza pembeni. Anashika, anakata, analaza. Nimesema shikamoo mama. Kaitikia marahaba bila kuinuka. Nikasimama. Sikujua nisaidie au nimzuie, na miguu haikujua pia.

Alipofika ule mche niliokata mimi akanyooka. Akanionyesha ncha ya bua, pale pakavu palipokatwa sawasawa.

"Mbuzi hakati kwa kisu," kasema, kama aliyeusoma mpango wangu.

Nikapiga magoti pale pale kwenye mabua. Nikasema yote, kwa haraka, bila mpangilio: mkaguzi, kikundi, upepo, hesabu yangu ya vidole, Neema na mlenda wake. Kanisikiliza mpaka mwisho. Bwana shamba, kumbe, alimweleza mtu dukani, na mtu huyo kamweleza mama mnadani, huku akiuza kuku. Kijiji kizima kilijua kwamba mkwe wake anamwogopa.

"Ungeniambia," kasema. "Miaka yote hii tunakula sahani moja. Ningekukatia siku ileile. Mimi si mtu wa kuambiwa?"

Hilo ndilo lililomuuma. Si mtama. Au na mtama pia, lakini hilo hakulisema. Akarudi kukata. Nikachukua panga nikaanza upande wa pili, na tukakutana katikati. Mabua tumeyatandaza juu ya ua yakauke, maana mabichi yanaweza kuua mbuzi. Suke hata moja halikubaki.

Nina aibu. Aibu ina uzito, inakaa hapa chini ya shingo.

Jumatano, 26 Machi

Mkaguzi kaja na gari. Mtu mwembamba, msafi, viatu vimepigwa brashi. Kapita mistari yote, kachungulia masuke, kazunguka shamba. Nyuma ya jiko la mama kakuta visiki. Kauliza hapa palikuwa na nini. Mama, aliyekuwa anachambua mboga, kajibu mwenyewe: palikuwa na mtama, umekwisha.

Limepita.

Wenzangu wa kikundi wamekuja jioni, wamepiga vigelegele, mmoja kanibeba juujuu. Mama kawapikia chai. Kacheka nao, kawauliza habari za waume zao, kawa mama mwenye nyumba kamili. Nilikuwa namwangalia. Nimepata nilichokitaka na sina raha.

Jumamosi, 29 Machi

Yona hatimaye kapatikana. Nimemweleza. Kauliza kama mbegu imebaki hata kidogo, hata ya kwenye kibuyu. Nikasema haijabaki. Kasema sawa. Yona akisema sawa hivyo, si sawa.

Nimeuliza kwa watu. Kwa mama wa duka, kwa wazee wa kanisani, kwa mwenzangu wa kikundi mwenye ndugu Mkalama. Mtama mwekundu upo, wanasema, lakini ule wenye suke lililopinda shingo na punje ngumu, siku hizi hawauoni. Wengi walishaacha. Sikuwahi kulifikiria hilo. Mimi ndiye ninayewaambia watu waache mbegu za zamani.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kubwa usiku. Asubuhi nimepita nyuma ya jiko kupeleka mabaki kwa kuku, nikaona kijani kwenye visiki. Machipukizi. Kila kisiki mawili, matatu.

Nimemwita mama kwa sauti ambayo haimfai mkwe. Kaja, kaangalia. Nikamuuliza alijua? Kama angeng'oa badala ya kukata, visingechipua. Kasema hakujua wala hakuwaza, aliona kung'oa kutamvunja mgongo. Mtama uliokatwa huchipua, ndiyo, lakini katikati ya masika, si mwisho wake. Mvua yetu mwezi huu huaga. Kasema tusijipe matumaini, kisha kaingia ndani.

Mweupe umeshamaliza maua, punje zina maziwa. Machipukizi haya yakitoa suke hayatamdhuru mtu. Yanahitaji maji tu. Nilidhani nikipita ukaguzi nitalala. Silali.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuna mvua. Mawingu yanapita kuelekea Dodoma kama yameitwa huko. Machipukizi yamefika magotini, mengine yamejikunja. Nimeng'oa manyonge ili maji yasigawanywe bure.

Kwelea kwelea wameonekana upande wa mbugani. Mimi na mama tunashinda shambani kwangu tukipiga madebe. Anapiga kwa nguvu kuliko mimi. Kwa mtama wangu.

Jumamosi, 19 Aprili

Machipukizi mengi yamekufa. Nimehesabu yaliyo hai, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu yanapungua nikihesabu.

Bwana shamba kapita, kaniambia kikundi kitakabidhiwa aina nyingine mpya mwaka ujao, shamba langu limesifiwa. Nikasema asante. Hakuniuliza kwa nini nimebeba ndoo.

Alhamisi, 24 Aprili

Joto. Upepo kidogo. Mweupe unaanza kukauka vizuri, wiki chache tutavuna.

Nimemwagia visiki maji ya kuoshea vyombo, taratibu, mizizini, nikiziba kwa kiganja yasikimbie. Chipukizi moja lina tumbo. Dogo, nusu ya lile la mwezi wa tatu, lakini ni tumbo. Sikumwita mama. Naogopa kumwita.

Mchana mama kafua. Jioni nimekuta ndoo ya maji aliyosuuzia nguo imewekwa mlangoni kwangu, imefunikwa kwa ungo. Nimeipeleka nyuma ya jiko. Mama alikuwa ameshaondoa majani makavu kuzunguka visiki na kurundika udongo kwenye mashina.