Seva Nne, Waya Mmoja

Mwenzangu, nimechoka hata kucheka siwezi.

Bosi kazima seva. Kazima SEVA! Kachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Eti chumba kina joto, na tuna seva nne, kwa hiyo akipumzisha moja zitabaki tatu. Tatu zipi jamani? Zote nne zimo ndani ya boksi hilo hilo! Ni nyumba moja yenye vyumba vinne, kila mpangaji na mlango wake. Yeye kabomoa nyumba ili apunguze mpangaji mmoja.

Barua pepe, mishahara, stoo, mpaka ule mlango wa alama za vidole, vyote kimya. Watu wamekwama nje. Yeye kasimama na waya mkononi ananiuliza, "Sasa hizo nyingine zimezimika kwa nini?"

Nimerudisha waya. Nimemweleza habari ya vyumba polepole, kama ninavyomweleza bibi yangu. Akasema, "Kumbe! Nimeelewa." Nikashusha pumzi.

Sasa hivi kaniita tena. Anataka seva ya akiba, ya kutuokoa siku boksi likifa.

Nikamuuliza tuiweke wapi.

"Si humo humo? Si umesema kuna vyumba?"