Yale Makumbi Uliyomtumia Mama

Mjimwema,
Songea.
23 Machi 1996.

Mpendwa mdogo wangu Athanasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, marahaba. Natumaini wewe, wifi Fortunata na Derick wetu mu wazima, na kile kikohozi cha mtoto ulichotuandikia kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi ya Madaba yamebeba, na miguu ya Mama imepungua kuvimba tangu abadilishiwe dawa. Mimi naendelea na ualimu, darasa la nne, watoto tisini na mmoja katika chumba kimoja.

Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Yanayofuata si ya kufurahisha. Nimekukasirikia, Athanasi. Nimengoja wiki tatu nikidhani hasira itapungua nikuandikie kwa upole. Haikupungua.

Hukuwepo Mama alipohamia kwangu, kwa hiyo nikueleze. Mwanamke aliyelima Madaba kwa jembe maisha yake yote alikuwa anakaa kibarazani kuanzia asubuhi, hana la kushika. Nikirudi shuleni namkuta palepale nilipomwacha. Kilichomrudishia uhai ni maua. Alianza na kopo moja la maziwa, akafikisha makopo na ndoo kuukuu kumi na saba. Yalikuwapo mawaridi, jereniamu, mayungiyungi, na lile waridi jekundu alilopata kwa kukata tawi kwenye kaburi la Baba. Kila Jumamosi akina mama wa jumuiya walikuja kuchuma ya altareni, naye akawaelekeza wakate wapi.

Shida ilikuwa udongo. Huu wetu mwekundu ukilowa ni mzito kama jiwe, ukikauka unapasuka. Mama hawezi tena kuinua ndoo kuiondoa mvuani. Ndiyo maana nilikuandikia mwezi wa kumi, ukajibu kwamba hapo kiwandani Tanga, tangu tajiri mpya akinunue, mnatengeneza matofali ya makumbi ya nazi ya kupandia maua, mepesi, na yanapelekwa Ulaya. Nilishukuru Mungu. Nakiri hilo.

Gunia lilipofika na basi kabla ya Krismasi, Mama alilia. Matofali kumi na mawili, yamekandamizwa hadi kisu hakiingii. Alimwonyesha kila aliyepita njiani. Ndani uliweka karatasi, ninayo hapa mezani, umeandika hivi: "Weka tofali kwenye maji, litafumuka, panda humohumo. Halihitaji udongo, mbolea wala kazi nyingine."

Tukafanya hivyo. Tofali moja kwenye karai, maji ya uvuguvugu, na baada ya saa moja karai zima lilijaa, laini kama kahawa iliyolowa, na maji yake meusi. Mama akafikicha mabonge kwa vidole huku anacheka. Nilimwambia ajaribu kwanza na kopo moja. Akanijibu, "Mwanangu mwenyewe ndiye anayeyatengeneza. Nijaribu nini?" Akahamisha maua yote siku ileile.

Wiki ya pili kingo za majani zikawa kahawia, kana kwamba zimepitishwa juu ya moto. Mama alidhani ni kiu, akaongeza maji. Yakazidi kuungua. Kufikia katikati ya Januari yalikuwa yamekufa yote isipokuwa yungiyungi moja. Waridi la Baba lilikuwa la mwisho. Aling'oa shina mwenyewe, akaiangalia mizizi iliyonyauka ndani ya unyevu, akaniuliza kama nimewahi kuona mmea unakufa kwa kiu ilhali umesimama majini.

Na hayo hayakuishia nyumbani kwetu. Kwa furaha yake alikuwa amempa matofali matatu Fausta, yule mjane wa Majengo anayekuza miche ya nyanya na kuiuza sokoni. Miche yake yote ya msimu ilikufa. Fausta alikuja hapa, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Akamwambia Mama, "Mama Walburga, kama hukutaka nipate, ungeninyima tu." Kisha akaondoka.

Athanasi, Mama hakwenda jumuiya mwezi mzima. Aliyapanga makopo matupu nyuma ya choo nisiyaone. Nilipomuuliza alisema, "Nimezeeka. Hata kopo limenishinda." Nilimsikia akisali rozari akiomba asiwe mzigo kwangu. Hayo ndiyo yaliyoletwa na gunia lako.

Aliyetuokoa ni Zena, jirani yetu, mtu wa Tunduru, lakini bibi yake mzaa mama ni wa pwani ya Lindi. Alikuja kumpa Mama pole. Akachota makumbi kidogo kwenye kopo la lile yungiyungi lililobaki, akayatia mdomoni, akatema. Akaniambia, "Mwalimu, onja." Nikaonja. Ilikuwa chumvi, Athanasi. Zena akaeleza kwamba kwa bibi yake makumbi huzikwa kwenye maji ya bahari miezi na miezi ndipo yasokotwe kamba, na vumbi linalobaki hakuna mtu anayelipandia kitu kabla halijaoshwa.

Tukaanza upya na matofali manne yaliyosalia. Yalipofumuka tuliyatia katika gunia la katani, tukalitundika kwenye tawi la mpera, tukamwagia maji ya mvua ndoo baada ya ndoo. Usiku yanalowa kwenye pipa, asubuhi tunayatundika tena. Siku ya kwanza maji yalitoka kama chai ya rangi, siku ya nne yalitoka karibu meupe. Kila siku Zena alionja, na siku ya tano alitikisa kichwa kwamba hakuna kitu. Kisha unayakamua kwa kiganja mpaka yadondoshe tone moja au mawili tu. Na hayatoshi peke yake, kwa sababu hayana chakula chochote ndani yake. Tulichanganya makumbi makarai mawili, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri karai moja, na mchanga kidogo wa mtoni. Nayo hayamwagiwi kila siku kama udongo, maana yanashika maji muda mrefu.

Umeona jinsi kazi ilivyo nyingi? Mstari mmoja tu kwenye karatasi yako ungetosha: "Osheni kwanza."

Bado nilikuwa nakutetea. Nilimwambia Mama kwamba hukujua, kwamba wewe ni karani wa stoo na si mkulima. Tarehe mbili mwezi huu nikaenda ofisi ya simu ili tu nikuonye usije ukampa mtu mwingine. Huenda umesahau tulivyosema. Mimi sijasahau.

Ulisema, "Dada, yale yaliyooshwa yote yanakwenda Ulaya. Hayo ya kwenu wazungu waliyakataa kwa ajili ya chumvi. Yalikuwa yanatupwa, nikaona heri yafike nyumbani."

Nikakuuliza kama ulijua siku unayafunga kwenye gunia.

Ukasema, "Nilijua. Lakini ni maua tu, dada. Nitamtumia mengine."

Nilikata simu mimi. Isingewezekana niendelee kuongea mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni.

Sasa nisikilize. Sikukasirika kwa sababu ulituma kitu duni. Sisi ni watu wa kawaida, vitu duni tunavijua, na soko zima la Songea siku hizi limejaa bidhaa za kung'aa zisizomaliza mwezi. Hizo huuzwa na mtu nisiyemjua. Wewe ulijua wazungu wamekataa kupandia maua yao, ukaandika kwa mkono wako kwamba hakuna kazi nyingine, ukamwachia Mama ajione yeye ndiye mwenye kosa. Ungesema, "Mama, haya yamekataliwa, yana chumvi, yaosheni," angeyaosha akiimba. Ulichoficha ni aibu ya kutuma makapi, na aibu hiyo ukambebesha yeye.

Nilifikiri sana kama nimwambie. Rafiki zangu walimu walinishauri ninyamaze, mzee asiumie. Lakini nilimwona anakusudia kwenda kwa Fausta kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, nikashindwa. Nilimweleza jioni ya siku ya tatu baada ya simu ile, neno kwa neno. Alikuwa anachambua mchele. Aliumaliza wote, akainuka, akanyoosha kanga yake, akasema, "Mwambie nyumba yangu si jalala." Kisha akaenda nyuma ya choo, akaanza kuyarudisha makopo kibarazani moja moja. Nilipotaka kumsaidia alinikatalia.

Kwa Fausta nilikwenda mimi, nikamweleza kila kitu, nikataja na jina lako. Alikuja kumwomba Mama msamaha, na wamesameheana. Msimu wake wa nyanya, hata hivyo, haurudi. Nataka umwandikie yeye barua yake mwenyewe, usiniwekee maneno ndani ya yangu.

Waridi je? Katikati ya Februari nilipanda lori la mahindi hadi Madaba, nikakata vijiti vinne kwenye kaburi la Baba, nikavifunga katika kitambaa kibichi. Mama amevipanda kwenye makumbi tuliyoyaosha. Kimoja kimeoza. Vitatu vimechipua, na kimojawapo kina majani saba. Zena anasema tusikisifu sana, lakini naye akipita haachi kukichungulia.

Usitume kitu. Wala usiandike kwamba kazi ni nyingi kiwandani. Una likizo yako kila mwaka, nalijua hilo. Njoo kabla ya baridi ya mwezi wa sita, ukae na Mama kibarazani, umwambie kwa mdomo wako yale uliyoniambia mimi kwenye simu.

Nisalimie sana wifi Fortunata, mwambie sina neno naye. Mbusu Derick. Shangazi Ida wa Madaba anakusalimu, hana habari ya mambo haya. Zena pia anakusalimu, ingawa hakujui. Salamu za Mama nilimwomba jana na leo asubuhi nizitie humu. Amesema atakupa mwenyewe utakapofika.

Mungu akulinde safarini, akulainishe na moyo.

Dada yako akupendaye, hata kwa hasira hizi,

Walburga