Robo ya Chini ya Barua ya Bi Raisa

Jumanne, 14 Januari 2025

Daktari amesema wiki, si miezi. Binti yangu Elinaja alilia garini njia nzima kutoka hospitali ya Maplewood. Mimi niliangalia theluji.

Tumefika nyumbani — Lord Averham ameshakaa kwenye kiti changu, kando ya hita. Kola yake ngumu, kikohozi chake kile. Alikuwa waziri wa Malkia Viktoria, na amekufa zaidi ya miaka mia. Niliandika maisha yake, ya mkewe na ya wanawe, na kitabu hicho ndicho kilichonipa uprofesa. Tangu hapo haondoki.

Elinaja anasema namwona kwa sababu ya dawa za maumivu. Hapana. Alianza kuja miaka arobaini kabla ya dawa.

Alhamisi, 16 Januari

Fatimah amekuja na mahamri na mbaazi, kama kila Alhamisi. Ni binti wa marehemu Badawy, rafiki yangu wa Mambrui. Leo hakunitania.

Bintiye, Aaliyah, ameposwa na familia ya Mombasa. Wazee wa huko wameuliza nasaba, wakafika kwa Bi Raisa, nyanya yake Badawy, wakakwama hapo: alizaa na Mzungu, ndoa haijulikani. Posa imesimamishwa. Badawy mwenyewe alinyimwa mke kwa jina hilo hilo, ndipo akahama pwani, akaja huku ughaibuni.

Fatimah akasema: "Ami, mtu yuko kaburini miaka yote hii, na bado wamwita malaya."

Nikamwambia nimechoka, nataka kulala. Mwoga!

Jumamosi, 18 Januari

Niandike, basi.

Mwaka 1979 mrithi wa Averham alinikabidhi masanduku ya familia. Ndani mlikuwa na barua moja ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ya mwaka 1889. Hakuna mtu kwao aliyeweza kuisoma. Wala mimi, mtoto wa misheni ya Upare. Nikampelekea Badawy. Lakini robo ya chini niliikunja nyuma, nikaibana kwa klipu. Jina la mwandishi nilitaka liwe langu peke yangu. Ndivyo tulivyo watafiti.

Akasoma salamu. Akasoma kwamba Sydney, mwana wa Lord, amekufa kwa homa. Akafika kwenye mkunjo, akacheka. "Funua basi. Waogopa nitakuibia Mzungu wako, Mpare wewe?"

Sikufunua. Niliamini chini hakuna zaidi ya jina na salamu za kufungia. Kitabuni nikaandika: Sydney alikufa bila mke wala mtoto.

Kitabu kilipokwisha kutoka nilijifunza zile herufi, nikaisoma mwenyewe. Sydney alisilimu. Kadhi aliwafungisha ndoa, yeye na mwandishi, na mashahidi wawili wametajwa kwa majina na ukoo. Mtoto wa kiume amezaliwa. Mwisho kabisa: Raisa binti Isa, Mambrui. Nyanya ambaye Badawy alinisimulia mara ngapi, jikoni kwangu!

Pembeni, kwa Kiingereza, mwandiko wa Lord, aliyesomewa zamani hizo: asijibiwe.

Sikuirudisha. Iko ndani ya Biblia yangu. Badawy aliishi miaka thelathini zaidi, tukinywa kahawa pamoja, na mimi pia sikujibu.

Jumatatu, 20 Januari

Baridi ya kupasua vioo. Nimemwambia Elinaja. Aliniwekea simu mkononi, bado amevaa koti lake la kazini. Kisha: "Baba, mpigie Fatimah. Leo."

Nimepiga. Lord amekohoa muda wote.

Jumanne, 21 Januari

Fatimah yuko mezani. Nimempa barua ikiwa imekunjwa vile vile, maana nilipokwisha kuisoma niliirudishia klipu. Klipu imeshika kutu, vidole vyangu vimeshindwa. Alisoma madrasa, anaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Lord amesimama nyuma ya kiti cha Fatimah. Naandika ili nisimtazame binti huyu usoni.

Salamu zimekwisha. Sydney amekufa. Kidole kimefika kwenye mkunjo.

"Ami, hapa pamekunjwa." Sauti ni ya babake. "Nifunue?"

Nimesema ndiyo. Anaing'oa klipu kwa ukucha, polepole, asichane karatasi —