Twiga Aliwaambia Wote Isipokuwa Mimi

Shoga, nimetoka msibani sasa hivi, kwa yule tuliyekuwa tunamwita Twiga shuleni. Nimekaa kwenye gari.

Darasa letu zima lilikuwa linajua anaumwa. Miezi minane! Walikuwa wanapokezana kumpeleka hospitali. Mpaka Kinyozi, ambaye shuleni walikuwa hata hawasalimiani!

Mimi niliyekaa naye dawati moja miaka minne, nimepata habari ameshakufa.

Nikamuuliza dada yake, “Mbona hamkuniambia?”

Akasema, “Mwenyewe alikataa. Alisema wengine wote wanamwonea huruma, wewe peke yako ndiye bado unamtukana.”

Eti namtukana! Ni kweli, kila wiki nilikuwa nampigia simu namwita mvivu, namwambia siku hizi anajifanya bosi, hata kuja kuniona hataki. Na yeye anacheka tu. Shoga, anacheka, kumbe yuko kitandani!

Dada yake anadhani nimepewa heshima. Nikamwambia mbele ya watu, “Amenidhulumu. Hata kumuaga sikumuaga.”

Mama yake akanishika mkono. “Hata mimi nilimwambia anakukosea, mwanangu.”

Hapo ndipo nilipolia.