Tafuna Moja Kwanza

Mjukuu wangu Zuwena,

Marahaba, mwanangu. Huku Ibra sote wazima, na mama yako goti lake limepoa.

Unauliza utajuaje kama matufaha ya uani kwako yamefika kuchumwa, maana jirani anakwambia ungoje. Nilipoolewa hapa, mgeni niliyevuka bahari kutoka Unguja, tende za kuchemsha, zile zinazokatwa zingali ngumu, zilikuwa hazikatwi mpaka mama mkwe aseme. Nikamwambia zimefika. Akajibu mtu wa Afrika hajui tende. Nikatafuna moja ya manjano: ngumu, tamu, haina ukakasi. Nikakata shada la mtende mfupi, nikateleka sufuria mbele ya macho yake. Akaja na hasira zake, akaonja. Kisha akaita wakataji.

Basi tafuna moja. Huyo jirani mwambie angoje matufaha yake.

Bibi yako